Mtu wa Kutembea Njia

Baba yangu alifanya kazi moja tu ya mshahara maisha yake yote, nayo ni kutunza reli. Hakuwa dereva wa treni wala stesheni masta, watu ambao sisi watoto tuliwachora kwenye madaftari. Alikuwa mtu wa genge, mmoja wa wale wanaume wa sururu na beleshi ambao abiria huwaona dirishani mara moja, wamesimama pembeni ya njia vumbi likiwapiga usoni, kisha wamekwisha kupotea. Aliajiriwa angali kijana, wakati reli ni mali ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikaunda shirika lake, yeye aliamka saa ileile, akavaa koti lilelile la kaki, akaenda kukaza bolti zilezile.

Kambi yetu ilikuwa kati ya Urambo na Kaliua, magharibi ya Tabora. Nyumba chache zenye kuta nene, tangi la maji, miembe miwili, na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwetu iliukata msitu wa miombo katikati. Ukivuka njia kwenda kusini hatua mia mbili, umeingia porini. Usiku tulisikia fisi, mchana tuliumwa na ndorobo, na hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Kila genge lilikuwa na kipande chake cha njia, na kila siku mtu mmoja alitakiwa akitembee chote kwa miguu, aende na kurudi, akitazama chini. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa baba. Alitoka gizani na nyundo ya mpini mrefu begani, spana, bendera mbili, fataki za kutega juu ya reli kama kuna hatari, na mfuko wa matobolwa. Akitembea alipiga chuma hapa na pale, akatega sikio. Nilimwuliza anasikiliza nini.

“Iliyoshikwa vizuri inaitika,” alisema. “Iliyolegea inanung'unika.”

Mtu anaweza kudhani chuma kikishalazwa kimelala. Hakilali. Kipande cha reli cha mita 12 hurefuka milimita tano na ushei joto lake likipanda nyuzi 40, na Tabora ya mwezi wa Septemba, kutoka baridi ya alfajiri hadi saa nane mchana, tofauti hiyo si jambo geni. Ndiyo sababu kati ya kipande na kipande huachwa nafasi, na ndiyo sababu treni za zamani zilikuwa na ule mdundo wa magurudumu. Nafasi zikibana, reli hukosa pa kwenda, ikajipinda ubavuni jua likiwa kali. Masika nayo ina balaa lake. Maji huchimba chini ya kokoto polepole, taruma likabaki linaning'inia, na asiyejua akitazama haoni kitu. Aonaye ni yule aliyepita jana na juzi, anayejua kokoto zilikuwa zimekaaje.

Wageni wakija nyumbani walimtaka atusimulie ajali alizozuia. Hakuwa nazo. Kipande chake hakikuangusha treni, basi, na hapo hadithi imekwisha. Kazi ya namna hii ina dhuluma hiyo: ikifanywa sawasawa haina cha kusimulia. Tunayempigia makofi ni yule anayekimbia na bendera nyekundu akaisimamisha treni hatua chache kabla ya karavati lililobomoka. Mimi siku hizi nikisikia habari kama hiyo, namshukuru mkimbiaji, kisha najiuliza jana yake nani alipita pale.

Lakini ungemwuliza mwenyewe kazi yake ni nini, angekwambia kwamba yeye ni mrina asali, ila analipwa na reli.

Jumamosi mchana zamu ikiisha aliingia porini na baiskeli yake ya Phoenix, na kurudi ni Jumapili jioni. Likizo yake ya mwaka aliichukua Juni au Julai, msimu mkubwa wa asali, mvua zimekatika na maua ya muva yamekwisha kufanya kazi yake. Ulikuwepo pia msimu mdogo mwishoni mwa mwaka, unaoletwa na mtundu na miti ya jamaa yake. Hiyo huchanua kabla ya mvua, ardhi bado imepasuka kwa ukame, unasimama chini yake unajiuliza maji imeyapata wapi. Baba alipenda majira hayo kuliko yote. Majani mapya ya miombo hutoka mekundu, na kwa wiki chache pori zima huwa na rangi ambayo watu wa mjini hawaijui.

Majirani wengi walitumia mizinga ya magome. Unauchuna mti gome lake zima kwa mviringo mmoja, unaziba ncha mbili kwa nyasi, jioni una mzinga. Na mti umekufa. Baba alichonga magogo, hasa ya mninga ulioanguka wenyewe au uliokatwa na wapasua mbao na kuachwa. Gogo moja lilimla jioni nyingi za tezo na patasi, lakini hudumu miaka mingi zaidi ya gome, na mti mmoja hutoa magogo kadhaa. Hakuwa na hotuba juu ya mazingira. Alipiga hesabu tu, akaona gome ni hasara.

Nyuki, kama anavyojua kila Mnyamwezi, hawanunuliwi. Unaupaka mzinga nta kidogo kwa ndani, unautundika juu ya mti, unaondoka. Wakipenda wanaingia. Mingine ilikaa mitupu misimu miwili mfululizo, na baba hakuilaumu mizinga wala nyuki. Aliishusha, akatazama kama kuna ufa, buibui au sisimizi, akaisafisha, akaihamishia miti mingine. Alikuwa na mizinga mingi, imetawanyika mbalimbali, na hakuandika popote ilipo. Aliijua yote kwa miguu yake.

Kurina kulifanyika usiku. Alipanda amevaa koti la mvua la kazini, mikono ya koti imefungwa kwa kamba, na kienge cha magome makavu kikitoa moshi. Mimi nilikaa chini na debe. Alikata masega yaliyojaa, akayaacha yenye majana, na kila mara akaacha sega au mawili ya asali nzuri kabisa ambayo mimi, kwa akili yangu ya kitoto, niliona ni ya kwetu.

“Wenyewe nao wana watoto,” alisema kutoka juu.

Nimesema mimi nilikaa chini na debe, na hili linahitaji maelezo, kwa sababu kambi ya warina asali si mahali pa mtoto wa kike. Mimi ni wa pili kuzaliwa na nimepewa jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo baba hakuniita kwa jina, aliniita Mama. Kaka yangu mkubwa hakulipenda pori hata kidogo. Alipenda redio, mpira na kukaa stesheni kuangalia watu wanaoshuka. Baba hakumlazimisha. Alimtazama msimu mmoja, akaona moyo wake haupo, akaniweka mimi nyuma ya baiskeli. Shangazi alikuja mahsusi kutoka Urambo kulizungumza.

“Kaka, mtoto wa kike akizoea pori ataolewa na nani?”

“Ataolewa na mtu anayekula asali, dada yangu.”

Shangazi alinuna mpaka debe la kwanza la msimu lilipofika kwake.

Sijui kama baba alikuwa na nia ya kunifundisha. Hakuwa mtu wa mafunzo. Alikuwa anauliza. Tukipita alisimama, akanyoosha kidole: “Mama, mti huu umepungukiwa nini?” Mimi naukodolea macho mti, nauona mzima. Tunakaa. Hatimaye naona kwamba upande mmoja magome yamekwaruzwa na tembo, au kwamba matawi ya juu hayana jani hata moja wakati wenzake wote wamechipua. Hasemi nimepata wala nimekosa. Anainuka, tunaendelea. Kwa namna hiyo nilijua mbula na furu huiva lini, matonga yapi ni ya kula na yapi ya kuacha, uyoga upi unaota kwenye kichuguu baada ya mvua za kwanza na upi, hata ukipendeza namna gani, haupelekwi kwa mama. Nilijua pia kutembea bila kuongea, jambo ambalo limenisaidia sana kwenye vikao vya ofisini Dar es Salaam.

Na nilimjua mlembe. Ni ndege mdogo asiye na urembo wowote, lakini sauti yake mrina asali haikosei. Anakuja juu yako anapiga kelele, anaruka mti wa mbele, anakungoja. Ukimfuata anakufikisha penye nyuki wa porini. Wewe unapasua unatoa asali, yeye anapata nta. Baba alikuwa na mluzi wa kumwita, mrefu, unaopanda mwishoni, ambao kaka yangu alikuwa akiuiga mezani ili tucheke. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba jambo hilo limepimwa. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo yao kutoka Niassa, Msumbiji, ambako Wayao humwita ndege huyu kwa sauti yao maalumu. Sauti hiyo ilipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood wakaonyesha kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe, hapa kwetu Tanzania, huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya sauti ya Wayao, na wale wa Niassa kinyume chake. Kila pori na lugha yake, basi. Ule utafiti wa kwanza nilimsimulia baba kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hao wataalamu waliwaachia ndege nta yao.

Fedha haina maneno mengi. Mshahara ulikuwa mdogo, asali na nta viliongeza, mama alishika vyote, tukasoma.

Nikimfikiria kama baba wa nyumba, namwona mtu yuleyule wa kutembea njia. Jumapili jioni aliporudi, kabla hajanawa, alizunguka nyumba. Paa. Mlango wa banda la kuku. Kamba ya ndoo. Soli za viatu vyetu vya shule, ambavyo tulitakiwa kuvipanga ukutani vikiwa vimelaliana ubavu ili zionekane. Kusoma alijua kidogo sana, lakini madaftari aliyafungua yote akitafuta wino mwekundu, na penye wino mwekundu mwingi aliweka kidole na kuuliza, kama alivyouliza mti. Hakuchapa. Ukimweleza hesabu imekushinda wapi alitikisa kichwa, na kesho yake ungeona amekwenda kusimama na mwalimu nje ya darasa, kofia mkononi.

Kambini walikuwepo wanaume waliopendwa na watoto kuliko yeye. Walikwenda Tabora mwisho wa mwezi, wakarudi na kanga mpya na peremende, nyumba ikawa sherehe siku mbili, kisha hawaonekani tena kwa maana ya kuonekana hata kama wapo. Baba hakuleta peremende. Ila kwetu mlango haukukaa bila bawaba, na hakuna mtoto aliyekaa na homa hadi mtu agundue kesho yake. Tumezoea kumpima baba kwa alicholeta, pengine kwa sababu kilicholetwa huhesabika: mabati, ada, ng'ombe, kiwanja. Kutazama hakuhesabiki. Nami nashikilia kwamba nyumba nyingi zinazoanguka hazikukosa mletaji, zilikosa mtu wa kupita kila siku na kugonga kusikiliza.

Alikuwa na kasoro zake. Saa kwake ilikuwa sheria ya reli. Ukichelewa baiskeli imeondoka, na mimi pia niliwahi kuachwa nimesimama na kibuyu mkononi. Siku ya wanzuki alikunywa sawasawa. Maneno ya mapenzi hakuwa nayo, ingawa sikumbuki kuyangoja. Lililo zito zaidi ni mama. Pori lilimpa baba raha yake, na kila Jumamosi mama alibaki na watoto wadogo, kuni, maji na shamba la muhogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama naye ana mahali anapopenda kwenda. Mkaguzi huyu hodari hapo hakugonga. Nilipozaa watoto wangu ndipo nilipolitambua, nikamwuliza mama. Akasema alikuwa akitamani kupanda treni mpaka Kigoma akaone ziwa. Tulimpeleka, naye akaketi ufukweni kutwa nzima, hakutaka chakula.

Baba alistaafu miaka ya 1990 akajenga si mbali na njia, mahali ambapo bado angeisikia treni. Nguvu zilimruhusu misimu kadhaa zaidi, na alijiunga na warina walioingia Ugalla kwa kibali, enzi za pori la akiba, ambako asali na uvuvi viliruhusiwa kwa miezi maalumu ya mwaka. Ikaja miradi ya mizinga ya kisasa, ya mbao, mizuri, imepakwa rangi. Ilitundikwa kwa hotuba na kupigwa picha, na mingi niliyoiona ilibaki mitupu, kwa kuwa waliotundika hawakurudi kuitazama. Baba aliomba miwili. Akaikwangua rangi, akaipaka nta, nyuki wakaingia. Hakuwa na ugomvi na usasa.

Mwaka 2019 Ugalla ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa, na humo mizinga haiwekwi. Nazijua sababu. Tumbaku imekula miti mingi ya Urambo na Kaliua kwa kuni za kukaushia majani, na msitu usipolindwa kwa nguvu utabaki kwenye masimulizi. Baba miguu ilikuwa imekwisha kuchoka, kwa hiyo halikumgusa yeye. Lakini aliponisikia namweleza aliuliza, “Sasa nani atapita mle kila siku?” Ni swali la haki, na sijasikia likijadiliwa vya kutosha. Mrina asali mwenye mizinga yake mle alikuwa macho ya bure. Moto ukiwaka, mbao zikipasuliwa kwa siri, wa kwanza kujua alikuwa yeye, kwa kuwa nyuki wake ndio wa kwanza kuhama.

Aliugua muda mfupi, akafariki kabla mkataba wa reli mpya ya SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, haujatiwa saini Desemba 2022. Angetaka kuujua upana wake: milimita 1,435, badala ya ile mita moja aliyoibeba kichwani maisha yote. Na angeuliza nani anaitembea.

Msibani baba mdogo alisoma wasifu wa marehemu. Kila neno lilikuwa la kweli. Alizaliwa, alibatizwa, aliajiriwa, alifunga ndoa, alistaafu, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Asali haikutajwa. Pori halikutajwa. Ungebadilisha jina na miaka, ukurasa ule ungewatosha wazee wote waliokuwa wameketi chini ya turubai. Ndipo mzee mmoja wa genge la jirani, aliyesafiri usiku kuja, akaomba neno huku mwongoza ratiba anaangalia saa.

“Mimi kipande changu kilianzia pale chake kinapoishia,” akasema. “Kwenye mpaka wetu sikupata kukuta bolti imelegea upande wake.” Akaketi.

Watu walitikisa vichwa kwa adabu. Wa reli ndio waliolia.

Kwa hiyo nina ombi. Wasifu wetu wa msibani umegeuka fomu ya maombi ya kazi, na marehemu haombi kazi. Lugha hii haikukosa uwezo: Shaaban Robert alimwandikia Siti binti Saad wasifu wa kitabu kizima. Wewe hutadaiwa kitabu. Siku kamati ya mazishi itakapokukabidhi kalamu kwa ajili ya mzee wako, punguza tarehe ya kustaafu na orodha ya semina alizohudhuria, hakuna atakayeziulizia. Andika Jumamosi alikuwa akienda wapi, na alikuwa akimchukua nani.